Soksi ya Upepo Yenye Bitana

Watoto wa Mlali wanajua kwamba ukishonewa kaptula na Felista Mkude, umekwisha. Utaivaa darasa la tatu, utaivaa la nne, na ukifika la tano mdogo wako atarithishwa naye aanze kuihesabia miaka. Kitakoni ina bitana ya kaki, mishono imepitiwa mara mbili, na pindo limekunjwa nene ili literemshwe kadiri miguu inavyorefuka. Wazazi wanampenda fundi huyu kwa sababu ile ile inayowafanya watoto wamnunie.

Alizaliwa Kinole, huko juu ambako safari ya shule ni kupanda, kushuka na kuteleza, na nguo isiyo na bitana haimalizi muhula. Aliposhuka na cherehani yake miaka kumi na tisa iliyopita, akapanga kibaraza karibu na soko la Mlali, alishuka pia na imani yake moja: kitu kikishonwa, kidumu. Ukitaka nguo ya kupepea, nenda kwa wengine.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu, Fidelis, mtunza kiwanja cha ndege, alifika kibarazani amebeba kitu kilichochanika kama nguo ya kichaa. Nje kidogo ya Mlali kuna kiwanja cha nyasi, upande mmoja kinatazama milima ya Uluguru, upande wa pili kinatazama tambarare. Ndege ndogo za kampuni moja hutua hapo zikileta madaktari wa macho, wapima ardhi na wageni wa mashamba. Kiwanjani kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna soksi ya upepo, yaani mfuko mrefu wa rangi ya machungwa ulio wazi mdomoni na mkiani. Rubani akiutazama kutoka angani anajua upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Ukinyooka, upepo ni mkali. Ukining'inia, hali ni shwari, atue upande anaoutaka.

Fidelis alimwachia ile chakavu kama kielelezo, akamwandikia vipimo kwenye kipande cha boksi: urefu, upana wa mdomo, upana wa mkia. Kisha akasema neno ambalo Felista husubiri kulisikia kwa kila mteja. Alisema ile ya kwanza haikumaliza mwaka, kwa hiyo hii dada aishone ikae.

Felista aliishika ile nailoni ya zamani kwa vidole viwili. Kitambaa cha mwavuli. Moyo wake ulikataa kabisa. Alinunua nailoni mpya kama alivyoagizwa, akaikata kwa vipimo vile vile bila kupunja hata sentimita, halafu, bila kumwuliza mtu, akaitia bitana ya kaki kutoka mdomoni hadi mkiani na kupitisha mishono mara mbili. Majirani walimtania wakitaka kujua anamshonea jitu gani, na soksi ya mguu wa pili ataanza lini. Ilipopandishwa nguzoni alisimama barabarani akaitazama mpaka shingo ikamuuma. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuna nguo yake iliyowahi kuonekana kutoka mbali namna ile.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, mvua ilinyesha asubuhi ikakatika. Ndege ya Kapteni Kondo ilikuja na abiria watatu, ikatua kuelekea tambarare, ikagusa ardhi mbali mno, zaidi ya katikati ya kiwanja. Nyasi zilikuwa zimelowa. Breki zilishika, matairi yakateleza, na ndege ikapita mwisho wa kiwanja, ikavunja uzio wa miiba na kusimama katikati ya bustani ya nyanya, pangaboi la puani limepinda. Hakuna aliyeumia. Muuguzi mmoja alipoteza kiatu, na kwa siku mbili nzima habari ya Mlali ilikuwa kiatu hicho, ambacho kila kilipopita kwenye mdomo wa mtu kilizidi kuwa kipya.

Felista alikimbia kutazama kama wengine. Alimwona Kondo amesimama kati ya nyanya, kofia mkononi, akimwomba radhi mwenye bustani. Alimfahamu. Mara mbili alimrekebishia suruali, na kila mara kijana yule alimwamkia kwanza kabla hajasema shida yake. Felista alimhurumia kwa huruma ya kawaida, ile ya kumhurumia mtu kwa jambo lisilokuhusu.

Kesho yake, Jumanne, mvua ilinyesha tena alfajiri. Asubuhi Fidelis alimpigia simu aende kiwanjani, pete moja ya mdomo wa soksi imeng'oka. Felista akaenda. Alipokuwa akivuka nyasi, upepo uliokuwa ukishuka kutoka mlimani ulimvuta kanga begani hadi akalazimika kuifunga kiunoni. Miti yote ilikuwa ikiinama. Akainua macho kwenye nguzo. Soksi yake ilikuwa inaning'inia, imetulia, haina habari.

Fidelis alikuwa anahangaika na kamba wala hakuona. Aliishusha akampa mikononi, nayo ilikuwa nzito kama blanketi lililotoka kufuliwa. Wakati huo huo akamweleza mengine. Alhamisi saa nne kutakuwa na kikao cha usalama pale pale kiwanjani. Kapteni Rahel, mkuu wa usalama wa kampuni, anamtaka kila aliyeigusa ndege au kiwanja, kwa hiyo na yeye aliyeshona soksi anatakiwa. Tena kuna neno baya linazunguka. Kondo anadai soksi ilikuwa imelala, ndiyo maana akadhani hakuna upepo. Lakini Fidelis mwenyewe siku ile alikimbizana na kofia yake nusu ya kiwanja. Upepo ulikuwa unatoka mlimani, ukimsukuma Kondo kutoka mgongoni. Kwa hiyo ama hakuangalia soksi, ama anadanganya. Fidelis alisema kwa huzuni kwamba rubani akikosea hurudishwa darasani, lakini akidanganya hakuna kampuni itakayomgusa tena.

Felista alirudi kibarazani amekumbatia soksi. Alijua. Hakuhitaji kikao kumwambia.

Sasa hapa inabidi nieleze Felista alifundishwa wapi ufundi. Alifundishwa Morogoro mjini na mama mmoja aliyekuwa na mkono wa dhahabu na ulimi wa upupu. Msichana akiharibu nguo, mama yule aliitundika mlangoni, akaandika jina la mharibifu kwa chaki juu ya mlango, na nguo ilikaa hapo wiki nzima wateja wakiingia na kutoka. Jina la Felista lilikaa pale mara mbili. Hakulia mara ya tatu kwa sababu mara ya tatu haikuwepo. Alikuwa amejifunza kufumua. Aliweza kufumua kosa na kulishona upya chakula cha mchana kikiendelea, na hakuna aliyejua. Tangu siku hizo hakuna mteja aliyewahi kuona kosa lake, na si kwa kuwa hakosei.

Siku nzima ya Jumatano soksi ilikaa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya cherehani, imekauka, ikimtazama. Robo saa tu. Angepitisha wembe, angeitoa bitana, angeifunga pindo upya, na kesho angepeleka soksi nyepesi isiyo na neno. Nani angejua? Fidelis hakuwahi kuchungulia ndani yake. Mchana ulipofika aliufunga mlango wa kibaraza nusu, akashika wembe, akafumua mishono minne ya mkiani.

Ndipo Kondo akapiga hodi.

Alikuwa ameleta shati lake jeupe la kazi, lililochanwa na miiba begani. Alitaka lishonwe ili kesho asionekane mhuni mbele ya wakubwa. Alimwamkia, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Felista aliusukuma wembe chini ya vitambaa, akatia uzi mweupe, akaanza kazi bila kumtazama usoni. Kondo naye hakuitazama soksi, ingawa ilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwenye sikio lake. Shati lilikuwa linakaribia kwisha alipoinua uso.

"Mama," alisema, "mimi niliiangalia. Nilizunguka mara moja nikaiangalia. Lakini kila mtu ananiuliza, na imefika mahali hata mimi sijiamini. Labda nilidhani tu nimeiangalia."

Felista alishona mshono wa mwisho. Alikata uzi kwa meno, akakunja shati, akamkabidhi. Kijana alishukuru akaondoka. Kumwacha mtu ashikiwe kosa ni jambo moja, na Felista alikuwa tayari amejipangia jinsi ya kuishi nalo. Lakini kumwacha mtu ayakane macho yake mwenyewe lilikuwa jambo jingine, na hilo hakuwa amelipangia. Kisha akaichukua soksi kwenye msumari na kuirudisha ile mishono minne, mmoja mmoja, mara mbili kama kawaida yake.

Kikao kilifanyika kwenye banda la ndege, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Marubani walikuwa wanne, fundi wa ndege mmoja, Fidelis, na Felista aliyekaa mwisho kabisa na mfuko wa rambo mapajani. Kapteni Rahel alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, sauti ya mtu asiye na haraka. Kumbe kikao chao kina desturi yake: anayekiongoza huanza kwa kueleza kosa lake mwenyewe. Rahel alieleza jinsi alivyowahi kuruka na kifuniko cha tangi la mafuta hakijakazwa, akagundua angani baada ya kuona mafuta yanachuruzika juu ya bawa. Alieleza bila aibu na bila kujisifu, kisha akasema wanaweza kuanza. Felista hakuamini masikio yake. Alidhani labda ni kosa la zamani sana. Lilikuwa la mwaka juzi.

Waliichambua ile Jumatatu kipande kwa kipande. Uzito wa ndege haukuzidi. Flapsi, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoshushwa kupunguza mwendo, zilishuka sawasawa. Fundi alisema breki alizifungua na kuzikagua, ni nzima, na matairi yana kashata ya kutosha, yale meno ya kushika ardhi. Ila tairi kwenye nyasi zilizolowa ni mtu anayetembea juu ya sabuni. Walipiga hesabu ya mwendo. Ndege ikisukumwa na upepo wa mgongoni inagusa ardhi na mwendo mkubwa zaidi na inakula kiwanja, na hesabu ilionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Likabaki swali moja: kwa nini alitua upande huo?

Kondo alisimama na shati lake lililoshonwa begani. Alisema soksi ilikuwa imelala. Fidelis, macho chini, alieleza habari ya kofia. Kapteni Oscar, mkubwa wao kwa umri, akamwuliza Kondo kwa upole, ule upole unaoumiza kuliko ukali, kama ana hakika aliiangalia soksi siku ile, au ni mazoea ya siku zote yanayomwambia aliiangalia. Kondo alifungua mdomo. Halafu akasema hajui.

Felista akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nimeitia bitana," alisema. "Ya kaki. Sikuagizwa, nimeitia mwenyewe. Ni nzito, haiwezi kuinuka. Kijana aliona sawasawa."

Akaitoa soksi kwenye rambo na kuigeuza nje ndani, na kaki yote ikaonekana mezani mbele ya marubani. Hakuna aliyepiga kelele. Rahel aliipima kwa mkono, akamwomba Fidelis wakaipandishe. Wote wakatoka nje.

Upepo ulikuwepo, tena wa mlimani kama wa siku ile. Oscar alikuwa na kipima upepo cha mkononi; alisoma kilomita ishirini na mbili kwa saa. Soksi ikapanda nguzoni, ikasitasita, kisha ikainuka. Haikunyooka kabisa, lakini ilijaa na kuonyesha njia, mtu mwenye macho asingesema hakuna upepo. Oscar alitikisa kichwa. Akamgeukia Felista akamwambia kwa wema kabisa kwamba uzito upo ila si wa kuilaza, mama asijitwishe mzigo usio wake. Fidelis akashusha pumzi. Hata Rahel alianza kuandika.

Na hapo, jamani, Felista alikuwa amepona. Amesema ukweli, ukweli umepimwa na kipimo chao, na kipimo kimemsafisha. Angeweza kurudi kwenye benchi lake, anywe chai, aende nyumbani. Aliona nafuu ikimshukia mabegani, tamu. Kisha akamwona Kondo. Hakuwa anaitazama soksi tena. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku ile ilikuwa imenyesha," Felista alisema. "Nipeni ndoo ya maji."

Walitazamana. Fidelis akaenda kisimani. Soksi ikashushwa, Felista akaikunja ndani ya ndoo na kuikanda kwa mikono miwili, maana anaijua kaki, inakunywa taratibu lakini haishibi. Ilipopandishwa tena ilikuwa inadondosha maji juu ya kofia ya Fidelis. Oscar akainua kipimo chake: ishirini na mbili, ishirini na tatu. Majani yalikuwa yanalala, tai yake inampiga usoni. Soksi ilining'inia kwenye nguzo, imetulia, haitikisiki hata mkia.

Kondo aliitazama. Aliitazama muda mrefu kuliko wote, halafu akakaa chini, pale pale kwenye nyasi, na shati lake jeupe.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Hivyo hivyo."

Felista alishikilia nguzo. Alikuwa anasubiri kufukuzwa na wakati huo huo alikuwa na furaha asiyoweza kuieleza, kwa kuwa kijana alikuwa ameanza kucheka peke yake kwenye nyasi, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukililia.

Walirudi bandani na mazungumzo yakachukua sura nyingine. Hakuna aliyesema basi, yameisha. Rahel alimwambia Kondo kwamba soksi ilimdanganya, lakini miti haikumdanganya, na alipoona amepita katikati ya kiwanja bila kugusa ardhi alipaswa kuongeza moto, kupaa na kuja upya. Kondo alikubali kila neno, tena kwa moyo. Kosa hilo lilikuwa lake kweli na aliweza kulibeba. Kisha Kapteni Oscar, yule yule wa swali la upole, akakohoa. Akasema wiki iliyotangulia, asubuhi moja yenye umande, na yeye aliiona soksi mvivu akadhani ni shwari, akasukumwa kidogo wakati wa kutua, akajiambia ni uzee wake. Hakumwambia mtu. Angesema, Kondo asingeingia kwenye nyanya. Fidelis naye akasema neno "ikae" lilitoka kinywani mwake.

Rahel alivua miwani. "Mama Felista, tulikupa urefu na upana," alisema. "Hatukukwambia kwamba inatakiwa iwe nyepesi. Hilo ni letu, si lako."

Akavuta fomu ya taarifa, akaanza kuijaza huku akiuliza. Tarehe. Mahali. Tatizo. Lilivyogunduliwa. Akamwuliza jina lake kamili, naye akalitaja, Felista Kasiani Mkude, akilitamka polepole, akiona tayari chaki ikilichora juu ya mlango. Rahel aliandika, akatia saini, akafunga kalamu. Felista akauliza kama sehemu ya aliyekosea amekwisha kuijaza.

Rahel hakuelewa kwanza. Kisha akaigeuza ile karatasi, akamwonyesha mbele, akamwonyesha nyuma. Sehemu hiyo haikuwepo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu mahali palipochapwa: Aliyegundua tatizo. Felista alilisoma mara mbili. Kisha akalia, mbele ya marubani wanne na fundi wa ndege, akilia machozi ya mama aliyemwona mwanawe anavuka mto salama, na Fidelis akampa kofia yake iliyolowa ajifutie kwa kukosa kitu kingine.

Bitana aliifumua hapo hapo juu ya meza ya kikao, kwa wembe wake, wao wakinywa chai. Saa saba soksi ilikuwa nguzoni, nailoni tupu, ikinyooka kwa upepo wa kupuliza chai. Felista aliitazama akasema haitamaliza mwaka. Rahel akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, watamwagiza ashone nyingine kila baada ya miezi minane.

Kile kipande kirefu cha kaki alikwenda nacho nyumbani. Ijumaa asubuhi waliopita sokoni walikikuta kimetundikwa kwenye mlango wa kibaraza chake, na juu yake, kwa chaki, ameandika kwa mkono wake: Felista. Anayeuliza anahadithiwa yote tangu mwanzo, pamoja na ndoo. Anayeleta kaptula ya mtoto bado anatiliwa bitana.